Uwanja wa Michezo na Misukosuko ya Dunia
(Hotuba iliyotolewa bwaloni, Siku ya Kukutana kwa Wanafunzi wa Zamani)



 Asubuhi hii, kabla ya kuja hapa bwaloni, nilipita kwanza uwanjani. Nimeona kwamba magoli siku hizi ni ya chuma. Sisi tulichimbia miti ya mikaratusi, na kila baada ya masika ilibidi tuisimamishe upya. Lakini ule mteremko wa kona ya kaskazini bado upo. Mkimbiaji akitoka pale huanza kupata pumzi, na akirudi upande huu huikosa. Nimefurahi kuona kwamba yapo mambo ambayo hata maendeleo hayajayagusa.

Mwalimu wa michezo aliponiandikia barua ya kunialika alinieleza kwamba wanafunzi wa kidato cha tano walifanya mdahalo juu ya hoja isemayo, "Siasa isiingie uwanjani." Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi. Akaniomba niseme neno juu ya jambo hilo, maadamu nilikuwa mkimbiaji wa shule hii katika miaka ya sabini, wakati ambapo dunia ilikuwa ikitetemeka na uwanja wa michezo ukitetemeka nayo.

Ndugu zangu, mimi nisingepiga kura upande ule ulioshinda. Lakini wala nisingepiga kura upande wa pili bila kuuliza maswali. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini. Nitaanza mbali, Mexico, kisha nitarudi nyumbani, na mwisho nitafika katika uwanja huu huu wa nje.

Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico, katika mji ulio juu sana, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Wanafunzi wa nchi ile walikuwa wakiandamana miezi kadhaa kudai haki zao. Tarehe 2 Oktoba, siku 10 tu kabla ya sherehe za ufunguzi, askari waliwapiga risasi waandamanaji katika uwanja wa Tlatelolco, na watu wengi walikufa. Baada ya siku 10 njiwa walirushwa, bendera zikapepea, na dunia ikaambiwa kwamba michezo ni amani.

Tarehe 16 Oktoba Wamarekani wawili weusi, Tommie Smith na John Carlos, walishika nafasi ya kwanza na ya tatu katika mbio za mita 200. Smith alikuwa amevunja rekodi ya dunia kwa sekunde 19.83. Walipanda jukwaani bila viatu, wamevaa soksi nyeusi, kuonyesha umaskini wa watu wao. Wimbo wa taifa lao ulipopigwa waliinamisha vichwa na kuinua ngumi zilizovikwa glovu nyeusi. Mtu wa pili alikuwa Peter Norman, mzungu wa Australia. Yeye hakuinua ngumi, bali alivaa kifuani beji ileile ya haki za binadamu waliyoivaa wenzake. Smith na Carlos wakafukuzwa kutoka katika timu yao. Norman alipofariki mwaka 2006, waliosafiri kwenda kulibeba jeneza lake ni wale wale wawili.

Michezo hiyohiyo ndiyo iliyoleta furaha kubwa kwetu Afrika Mashariki. Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza katika mita 10,000, na Kipchoge Keino akamshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500. Siku hiyo ya Keino, tarehe 20 Oktoba, ndiyo siku aliyokimbia marathoni kijana wetu kutoka Mbulu, John Stephen Akhwari. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alipovuka mstari, Akhwari alikuwa bado yuko mbali sana. Aliingia uwanjani baada ya zaidi ya saa nzima, jua limekwisha kuchwa, mguu umefungwa bendeji, wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumpeleka kule kuanza mbio tu, ilimpeleka kuzimaliza.

Sisi tulisimuliwa habari hiyo na mwalimu wetu kila asubuhi ya mchakamchaka, hasa pale mtu alipojifanya ana kichomi. Lakini nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa uzito wake. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miaka 7 tu iliyopita. Goti lile lililofungwa bendeji lilikuwa goti la nchi changa, maskini, iliyokuwa ikiangaliwa na dunia kama itafika au haitafika. Je, hiyo nayo si siasa? Hakuna aliyeinua ngumi, hakuna aliyetamka neno la serikali, na hata hivyo kila Mtanzania aliyesikia alijua kwamba Akhwari alikuwa anamwendea mbio.

Sasa tuje miaka ya sabini. Mwaka 1972 Michezo ilikuwa Munich, Ujerumani Magharibi. Siku chache kabla ya kufunguliwa, Rhodesia ya walowezi ilifukuzwa kwa sababu nchi za Afrika zilisema, wakiingia wao sisi tunatoka. Tarehe 2 Septemba askari polisi wa Uganda, John Akii-Bua, alipangiwa njia ya ndani kabisa, ile ambayo wakimbiaji wa viunzi huiogopa kwa ukali wa kona zake. Akawashinda wote, akaweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.82 katika mita 400 za kuruka viunzi. Alifurahi mno hata akazunguka uwanja huku akiruka viunzi ambavyo vilikuwa havina haja tena ya kurukwa. Siku 3 baadaye, tarehe 5 Septemba, Wapalestina wenye bunduki waliivamia nyumba ya timu ya Israeli, na hadi mambo yalipokwisha, Waisraeli 11 walikuwa wamekufa.

Mtazameni tena Akii-Bua. Aliporudi Kampala alipokewa kwa shangwe, barabara ikapewa jina lake, na Idi Amin akajipatia sifa kwa dhahabu ile. Lakini mwezi mmoja tu kabla ya mbio zile Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia nchini. Akii-Bua mwenyewe alikuwa Mlango, kabila la Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, na watu wa kabila hilo walikuwa wakiwindwa. Dhahabu ilimpa kinga kwa muda; haikumpa usalama. Utawala wa Amin ulipoporomoka mwaka 1979 alikimbilia Kenya na familia yake, akaishi kambini kama mkimbizi yeyote. Bingwa wa Olimpiki, na mtu aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia, alikuwa anapanga foleni ya chakula. Baadaye alipata msaada wa kwenda Ujerumani, kisha akarejea kwao, na mwaka 1997 akafariki dunia akiwa hajatimiza miaka 50. Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, ile ya Stephen Kiprotich katika marathoni ya London mwaka 2012.

Ndugu zangu, nimefika mwaka 1976, na hapa naomba wanafunzi msikilize sana, maana jambo lenyewe liliwahusu watoto wa umri wenu. Tarehe 16 Juni wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya makaburu. Polisi wakawafyatulia risasi. Picha ya mtoto Hector Pieterson, amebebwa mikononi akiwa amekufa, ilienea dunia nzima. Mwezi huohuo timu ya raga ya New Zealand iliingia Afrika Kusini kucheza na timu ya makaburu. Nchi za Afrika zikaiambia Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa: waondoeni New Zealand katika Michezo ya Montreal, au sisi hatutashiriki. Kamati ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo jambo hilo haliihusu.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutangaza kwamba haitakwenda. Hatimaye nchi zaidi ya 20 zilisusia, nyingi zikiwa za Afrika, na baadhi ya wanamichezo walikuwa wamekwisha kufika Montreal, wengine hata wamekwisha kushindana, ndipo wakaambiwa wafunge mizigo.

Kumbukeni kwamba wakati ule tulikuwa na Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand yenyewe, Bayi alitangulia tangu mlio wa bastola hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwenyeji. Mwaka 1975 Bayi akavunja rekodi ya maili moja huko Kingston, Jamaica. Miezi mitatu baadaye Walker akaivunja ile ya Bayi. Dunia nzima ikawa inangoja wakutane Montreal. Hawakukutana. Walker alikimbia peke yake na dhahabu yake, katika mbio za mwendo wa polepole, dakika 3 na sekunde 39.17. Mtanzania aliyezoea kuzivuta mbio kwa nguvu tangu mzunguko wa kwanza hakuwapo.

Nilikuwa mtoto wa sekondari, na sitawaficha, nililia. Mwalimu wetu wa siasa alinikuta nyuma ya bweni akaniuliza nina nini. Nikamjibu, "Mwalimu, makaburu wametupora na hii." Akafikiri kidogo, akasema, "Hapana. Hii tumetoa sisi wenyewe. Walichopora ni kile cha Soweto." Jibu hilo nimekaa nalo miaka mingi. Nalikubali, na bado kuna kitu ndani yake kinanisumbua. Maana aliyetoa hakuwa mwalimu wangu, wala mimi, wala waziri. Aliyetoa ni Bayi, na sidhani kwamba kuna aliyemwuliza.

Wapo wanaosema kususia hakukusaidia lolote. Hilo si kweli. Mwaka uliofuata, 1977, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana huko Gleneagles kuzuia ushirikiano wa michezo na Afrika Kusini. Na mwaka 1981 timu ya makaburu ilipokwenda New Zealand, wananchi wa New Zealand wenyewe waliingia barabarani kwa maelfu. Tarehe 25 Julai, katika mji wa Hamilton, waandamanaji walivunja uzio wakasimama katikati ya kiwanja, wameshikana mikono, na mechi ikafutwa. Watu wale walikuwa wapenzi wa raga kama sisi tunavyopenda kandanda. Mtu asiyejali hotuba elfu moja za Umoja wa Mataifa hujali sana akikoseshwa mechi ya Jumamosi, na hapo ndipo huanza kuuliza sababu.

Walakini bei ililipwa, na waliolipa ni wachache. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81 mwaka 1978, na hakuwahi kukimbia katika Olimpiki hata moja. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Montreal kwa ajili ya Afrika Kusini. Mwaka 1980 ikasusia Moscow kwa kuifuata Marekani, iliyopinga majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Mike Boit naye, aliyepata shaba ya mita 800 Munich, alizikosa zote mbili.

Habari ya 1980 ina kichekesho chake. Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali kuja Afrika kutushawishi tusiende Moscow. Ali alifika Dar es Salaam akitegemea kupokewa na Mwalimu Nyerere. Hakumwona. Waandishi wa habari wakamwuliza kwa nini Marekani haikutuunga mkono sisi tuliposusia mwaka 1976, naye akakiri kwamba hakuwa anaijua habari ile. Tanzania ikaenda Moscow. Bayi akapata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akiongoza karibu njia yote mpaka alipopitwa mwishoni na Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu imepata. Vijana, mwaka wa kuzivunja upweke wake uko mikononi mwenu.

Kwa hiyo, je, siasa isiingie uwanjani? Ninyi mlioshinda mdahalo, ni nani aliyeiingiza siasa katika raga ya Afrika Kusini? Ni yule aliyekataa kucheza, au ni yule aliyeandika sheria kwamba mtu mweusi hawezi kuvaa jezi ya taifa lake? Mara nyingi anayelalamika kwamba siasa imeingia uwanjani ni yule ambaye siasa iliyokuwamo tangu zamani ilikuwa inampendelea.

Kama ningeishia hapa, mngepiga makofi na mimi ningeketi nikijiona nimesema kweli. Lakini ningekuwa nimesema nusu yake. Nusu nyingine ilitokea hapo nje.

Mwaka 1978 nilikuwa kidato cha tano, na shule hii ilikuwa na timu nzuri ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne. Mimi nilikuwa wa nne, mmalizaji. Wa tatu alikuwa kijana wa Kiganda. Baba yake, mwalimu, alimkimbia Amin na kuja kuishi huku na familia yake. Kijana yule alikuja hapa akiwa mdogo. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi kidogo tu, nasi tulimtania kwa hilo kama tulivyowatania Wanyakyusa na Wahaya. Ile kona ya kaskazini aliipenda. Alikuwa akitoka pale kama jiwe la kombeo, na mimi nilipokea kijiti nikiwa tayari nimeongoza. Ushindi mwingi niliosifiwa mimi ulikuwa wake.

Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amin yaliivamia Kagera. Watu waliuawa, mali zikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, nasi tulikusanyika humu humu bwaloni kuizunguka redio. Tulitoka tumechemka. Wengine waliandika majina yao kwenye karatasi wakataka kwenda vitani usiku uleule. Siku hizo Amin, ambaye zamani alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda, alitoa ufidhuli kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Watu wanakufa, naye anafanya mzaha wa michezo. Hasira yetu ilikuwa ya haki. Nasema hivyo hata leo.

Lakini Amin alikuwa mbali, na hasira inapenda kilicho karibu. Bwenini wakaanza kumwita kijana yule "Nduli". Mtu alimwaga maji kitandani mwake. Mwalimu wetu wa zamu alikemea, na ikawa kimya mchana, usiku ikaendelea. Mimi sikumwita Nduli hata mara moja. Kwa muda mrefu nilikuwa najisifu moyoni kwa hilo.

Siku ya mazoezi, jioni, nusu ya shule ilikuwa imekaa kando ya uwanja. Alikuja ile kona yake, mbio kama kawaida. Nilianza kuondoka, nikasikia hatua zake nyuma yangu, nikamsikia akitoa sauti ya kuniambia kijiti hiki hapa. Na mimi sikunyoosha mkono. Niliukaza ubavuni nikaendelea kukimbia. Kijiti kikaanguka nyasini. Waliokaa kando walishangilia kana kwamba tumefunga goli.

Yeye alikiokota. Alikifuta kwenye kaptura yake, akatembea taratibu mpaka kwa mwalimu, akamkabidhi. Hakuja mazoezini tena. Katika mashindano tulimweka mtu mwingine, tukawa wa pili. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, sisi tulicheza ngoma. Baada ya miezi michache baba yake akamchukua, wakarudi kwao. Sikumwaga wala sikumwomba radhi. Tangu siku ile sijamwona.

Sasa ninyi mlioshinda mdahalo mtasema: "Umeona, mzee? Ndiyo maana tunasema siasa isiingie uwanjani." Na ninyi mlioshindwa mtasema kwamba mimi ninachanganya mambo mawili yasiyofanana. Ninyi ndio mlio karibu na ukweli, lakini hebu tuone yanatofautiana wapi, maana kwa macho yalifanana sana. Montreal Waafrika walikataa kukimbia pamoja na New Zealand kwa sababu ya uovu wa makaburu. Hapa mimi nilikataa kukimbia pamoja na Mganda kwa sababu ya uovu wa Amin. Kukataa ni kukataa. Tofauti iko wapi?

Nimefikiri jambo hili tangu nikiwa kijana, na nimepata maswali matatu. Mtu anayetaka kugoma, kususia, au kukataa mkono wa mwenzake uwanjani, na ajiulize.

La kwanza: ninayemkataa anaweza kulibadilisha jambo ninalolipinga? New Zealand ingeweza kuizuia timu yake. Kijana yule angemzuiaje Amin? Yeye na baba yake ndio waliokuwa wa kwanza kumkimbia.

La pili: nani analipa bei? Walipoinua ngumi Mexico, Smith na Carlos walilipa wao. Tuliposusia Montreal tulilipa sisi, yaani Bayi na wenzake walilipa kwa niaba yetu, na hilo ni deni ambalo nchi inapaswa kulikumbuka. Mimi jioni ile sikulipa kitu. Nilishangiliwa. Ukikataa jambo na umati ukakushangilia papo hapo, bila wewe kupungukiwa hata senti, jichunguze sana.

La tatu: mlango nimeuacha wazi? Afrika iliiambia Afrika Kusini, siku mtakapoacha ubaguzi tutacheza nanyi. Na ilitimiza. Mwaka 1992 Afrika Kusini ilirudi katika Olimpiki, Barcelona. Katika mita 10,000 Derartu Tulu wa Ethiopia alipata dhahabu, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kuipata, na Elana Meyer, mzungu wa Afrika Kusini, akapata fedha. Walishikana mikono wakazunguka uwanja pamoja. Na tarehe 24 Juni 1995, katika fainali ya Kombe la Dunia la raga mjini Johannesburg, Afrika Kusini iliishinda New Zealand, naam, New Zealand ileile, 15 kwa 12. Mzee Mandela alikuwapo amevaa jezi ya timu ambayo zamani ilikuwa alama ya watesi wake. Mlango uliachwa wazi, na watu wakapita. Kijana yule mimi sikumwachia mlango wowote. Hakuna jambo ambalo angeweza kufanya ili niupokee mkono wake, kwa sababu kosa lake lilikuwa ni kuzaliwa.

Basi, vijana, siwaambii msichanganye michezo na siasa. Imekwisha kuchanganyika. Uwanja utaonyesha kila kinachoumwa na nchi: umaskini, ubaguzi, ukabila, vita, na uonevu wa wakubwa. Siku moja mtaombwa mshangilie jambo baya, au msimame kulipinga jambo baya, na hamtapewa muda wa mdahalo. Mimi nilikuwa na muda wa hatua ishirini.

Nimalizie kwa ombi, Ndugu Mwenyekiti. Humu bwaloni, ukuta ule wa kushoto, kuna picha ya timu yetu ya mwaka 1978 iliyopigwa kabla ya vita. Wamo vijana watano, wanne wakimbiaji na mmoja wa akiba. Chini yake, kwenye ubao, kuna majina manne na mkwaruzo. Jina la tano lilikwanguliwa kwa kisu mwezi Novemba mwaka ule. Sikulikwangua mimi, na aliyelikwangua simjui. Lakini nililiona asubuhi yake, nikapita kwenda kunywa uji.

Jina hilo sitalitaja hapa jukwaani. Mara ya mwisho mtu huyu kuitwa mbele ya umati katika shule hii aliitwa kwa kebehi, na mimi sitaki alianze tena kwa kelele zozote, hata za makofi. Nimeliandika kwenye karatasi na nimemkabidhi Mkuu wa Shule, pamoja na fedha za fundi wa kuandika. Naomba lirudishwe mahali pake, la tatu kutoka kushoto. Na kama kuna yeyote kati ya wazee wenzangu anayejua aliko mwenyewe, au waliko watoto wake, na anione kabla hatujaondoka leo. Nimezeeka, lakini mkono bado naweza kuunyoosha.